Kahawa ya parsele: namna ya kuandaa miti, kuvuna na kuanika bila kuharibu (kwa wakaaji wa Bukavu)

Kila mwaka, mvua za Machi zikishazoea kupiga, jirani mmoja ananiletea kahawa yake ndani ya sashe. Anafungua, tunanusa wote wawili, tunatazamana. Harufu ya gunia lililolowa. "Papa, ni juu ya mvua," ananiambia. Mwaka uliofuata ananiletea nyingine, harufu ni ileile, na mvua ndiyo inayoshitakiwa tena.

Mvua ya Bukavu inajulikana tangu zamani, haijifichi. Nimefuatilia kahawa nyingi zilizooza na karibu zote zilipotea kwa njia tatu: mtu alichuma mti mzima siku moja, mabichi kwa mabivu, au alilaza matunda ndani ya gunia hadi kesho yake, au alianika chini, udongoni. Nami nimefanya yote matatu. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye miti 5 hadi 50 nyuma ya nyumba, Bagira, Panzi, Kabare au Idjwi, asiye na mashine wala stesheni ya kuoshea kahawa karibu. Nitazungumzia kahawa ya aina ya arabika tu, maana ndiyo tuliyonayo huku juu ya ziwa.

Vitu vya kukusanya kabla ya kugusa tawi

- Kitunga au basini dogo lenye kamba ya kufunga kiunoni, ili mikono yote miwili iwe huru.
- Shitingi safi ya kutandika chini ya mti. Isiwe ile iliyobeba makala au saruji.
- Ndoo mbili au tatu za plastiki na basini moja kubwa. Epuka pipa la chuma lenye kutu.
- Maji safi: kwa kila kilo 10 za matunda, weka tayari bido tatu za lita 20.
- Kichanja cha kuanikia: miti minne, mbao, na wavu wa nailoni wenye matundu madogo, kimo cha kiuno. Kichanja cha mita 1 kwa 2 kinapokea mavuno ya kilo 50 hivi za matunda.
- Shitingi ya pili kwa ajili ya kufunika kichanja. Watu wanaisahau hii, kisha saa nane mvua inawakuta wanatafuta mashuka.
- Mizani ndogo, daftari na kalamu.
- Chupa yenye maji ya sabuni, ya kutupia wadudu.
- Gunia safi la katani la kuhifadhia mwisho.

Onyo kuhusu wavu: usitumie chandarua cha kulalia kilichotiwa dawa ya mbu. Nimekiona kwenye vichanja vingi. Kile kitambaa kimewekewa sumu ya wadudu, na kahawa mbichi italala juu yake wiki mbili.

Ujue pia utapata nini, usije ukakata tamaa. Matunda kilo 5 hutoa karibu kilo 1 ya parche kavu, yaani punje ikiwa bado na ganda lake gumu la ndani. Mimi nina miti 22. Mwaka mzuri inanipa kilo 44 hivi za matunda: parche inakuwa kilo 8 au 9, punje tupu 7, na baada ya kukaanga nabaki na kilo 6. Kwa nyumba yenye wanywaji wanne inatosha, na mama mkwe anapata fungu lake.

## Hatua ya 1: Wiki sita kabla, fungua mti

Huku Kivu maua makubwa hutoka mvua zinaporudi baada ya kiangazi, kuanzia Septemba. Tunda la arabika linahitaji miezi 7 hadi 9 kuiva, na kadiri unavyopanda mlimani ndivyo linavyochelewa. Kwa hiyo mavuno makubwa yanaangukia Machi hadi Juni. Rudi nyuma wiki sita: Januari mwishoni au Februari, ingia shambani na panga dogo na mkasi.

Kata matawi yaliyokauka. Ng'oa machipukizi yanayosimama wima kutoka kwenye shina, yanakula bure. Kama una migomba juu ya kahawa, toa majani yaliyokauka yanayoning'inia, mwanga na upepo vipite. Palilia chini ya mti kwa mkono, kwa maana mizizi ya kahawa iko juu juu na jembe linaikata.

Usipogoe kwa nguvu sasa. Kupogoa kukubwa ni kazi ya baada ya mavuno. Ukikata matawi yenye majani mengi wakati tunda linajaa, umeliondolea chakula, nalo litaiva likiwa jepesi.

Tawi lililoelemewa litegemeze kwa mti wenye panda. Likivunjika sasa, matunda yake hayataiva hata ukiyaweka juani.

*Umefaulu ukiona:* ukisimama hatua tatu kutoka mtini unaona shina katikati ya majani, na ardhi chini yake iko wazi kiasi cha kuona tunda lililoanguka.

## Hatua ya 2: Winda wadudu wawili

Hapa nitakaa kidogo, kwani hapa ndipo kahawa yetu inapopata sifa mbaya.

Mdudu wa madoadoa. Wataalamu wanamwita antestia. Ana umbo la ngao ndogo, mwili mweusi wenye madoa ya rangi ya machungwa na meupe, na ukimfinya ananuka. Anachoma tunda bichi ili anyonye. Tundu lake linafungua njia kwa bakteria, na punje iliyoguswa hivyo, ukiikaanga na kuisaga, inatoa harufu ya kiazi kibichi kilichokatwa sasa hivi. Ndiyo ile "ladha ya kiazi" inayotajwa wanapoonja kahawa za ukanda wetu, Kivu, Rwanda na Burundi. Punje moja inatosha kuharibu birika zima, na ikiwa mbichi huwezi kuitambua kwa macho.

Mtafute asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, akiwa bado mzito. Shika tawi juu ya basini, lipige kwa kiganja, waliodondoka watupe ndani ya maji ya sabuni. Rudia kila wiki. Anapenda mti wenye kichaka katikati, na ndiyo sababu tulianza kwa kufungua mti.

Kipekecha tunda. Huyu ni kadudu keusi, hakafiki milimita 2. Anatoboa tundu dogo la mviringo kwenye kitovu cha tunda, pale ua lilipokuwa, anaingia na kuzaa ndani ya punje. Kati ya mavuno mawili anaishi ndani ya matunda yaliyoachwa mtini na yaliyoanguka. Basi okota yote: makavu, meusi, yaliyonyauka. Usiyatupe kwenye mbolea yako ya nyumbani, atatoka humo akiwa mzima. Yachemshe au yachome.

Ukiona matunda mabichi yenye mabaka meusi yaliyobonyea, huo ni ugonjwa wa kuvu. Huku juu kwenye baridi na ukungu unapenda kukaa. Yatoe pia, yachome.

Kama miti yako ina tatizo usilolielewa, kata tawi lenye majani na matunda yaliyougua, lifunge kwenye karatasi na ulipeleke kwa mwanakilimo anayejua kahawa. Kituo cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kiko Mulungu, upande wa Kabare, si mbali na mji.

*Umefaulu ukiona:* unapopiga matawi kumi, humpati mdudu au unampata mmoja tu.

## Hatua ya 3: Simamisha dawa

Kama unapulizia dawa ya kuvu yenye shaba au dawa ya wadudu, soma kibandiko: kinaonyesha siku ambazo lazima zipite kati ya kupulizia na kuvuna. Heshimu hesabu hiyo, uandike tarehe kwenye daftari. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda sokoni, isiyo na kibandiko, usiipulizie kabisa juu ya kitu utakachokunywa.

## Hatua ya 4: Jifunze tunda lililoiva

Rangi peke yake inadanganya. Tunda lenye wekundu upande wa jua linaweza kuwa la kijani upande wa nyuma. Fanya hivi:

1. Lizungushe tunda. Wekundu uwe umezunguka wote, hadi kwenye kikonyo. Wekundu wa divai ni mzuri zaidi kuliko wa nyanya.
2. Libonye kwa kidole gumba na cha shahada. Likiiva, punje mbili zinaruka nje zenyewe na ute unateleza. Likiwa bichi, utabonya hadi ukucha uume.
3. Onja ute. Uwe mtamu. Ukikuachia ulimi mkavu kama ndizi mbichi, subiri.

Kwa nini nakazia hivyo? Punje ya tunda bichi haina sukari ya kutosha. Ukiikaanga inabaki njano wakati wenzake wamekuwa kahawia, na kinywani ina ladha ya nyasi na karanga mbichi. Tena ganda lake halitoki vizuri unapomenya.

Lililopita kuiva nalo, lile jeusi lililosinyaa, limeshaanza kuchacha mtini. Lichume, ila liende kwenye ndoo ya pembeni.

Najua mtakachoniambia: wezi. Watu wengi Bukavu wanachuma kahawa bichi kwa kuogopa kwamba usiku mtu atapita. Hofu hiyo ina haki yake. Dawa yangu ni kupita mara nyingi. Ukichuma mabivu kila baada ya siku 7 hadi 10, mwizi akija anakuta kijani kitupu, na kuchuma kijani gizani ni kazi asiyoitaka.

## Hatua ya 5: Chuma tunda moja moja

Chagua asubuhi isiyo na mvua. Tandika shitingi. Parsele zetu nyingi zimelala mteremkoni, kwa hiyo weka fimbo au mawe chini ya ukingo wa upande wa bonde, la sivyo matunda yatateremka kwa jirani.

Shika tunda, lizungushe kidogo, livute. Kikonyo kibaki kwenye tawi. Usikamate tawi na kulikokota kwa mkono mzima kama anayekamua ng'ombe: utashusha mabichi, majani, na vichipukizi vitakavyobeba maua yajayo.

Watoto ni wachumaji wazuri wa matawi ya chini ukiwafundisha mchezo wa kubonya. Wa kwangu niliwalipa kwa kilo, nikajuta: walileta kilo nyingi. Sasa nawalipa kwa usafi wa kitunga.

Mti mmoja utaupitia mara nne hadi nane katika msimu. Mara ya mwisho kabisa ndipo unachuma kila kilichobaki, cha rangi yoyote, ili kipekecha asipate nyumba. Hicho cha mwisho ni cha kunywa mwenyewe, usikichanganye.

Onyo: usichume zaidi ya unachoweza kumenya siku ileile. Kwa mikono, mtu mmoja na saa za jioni, kilo 10 zinatosha. Matunda yaliyorundikwa yanapata joto yenyewe. Tia mkono katikati ya gunia saa za usiku utalisikia. Huo ni mwanzo wa uozo, na hakuna maji yatakayouosha.

*Umefaulu ukiona:* katika matunda 100 uliyohesabu bila kuchagua, mabichi hayazidi 3 au 4.

## Hatua ya 6: Elesha

Mimina matunda ndani ya basini lenye maji mengi, koroga. Mazuri yanazama. Yanayoelea ni yaliyotobolewa, yenye punje moja iliyokauka, au mepesi ya njaa. Yachote kwa chujio na uyaweke pembeni pamoja na yale meusi. Kazi ya dakika tano, na sioni nyingine inayokuza thamani ya kahawa kwa urahisi hivyo.

## Hatua ya 7: Menya kabla ya kulala

Ndani ya saa nane tangu uchume. Ukiwa na rafiki mwenye mashine ya mkono ya kumenya, mwombe, lakini kwanza pitisha matunda kumi kama jaribio: punje zikitoka zimekwaruzwa au zimekatwa, skrubu ya mashine imekazwa mno.

Bila mashine, kinu cha mbao kinafaa. Weka matunda hadi robo ya kinu, ongeza maji kidogo, na uyasukume kwa mchi taratibu kama anayekanda, sio anayetwanga. Shina changa la mgomba badala ya mchi ni laini zaidi. Mawe mawili niliyaona kwa bibi yangu, na punje zake nyingi zilikuwa na nyufa. Kila ufa ni mlango wa ukungu.

Tenga maganda kwa maji na kwa mkono. Maganda hayo usiyamwage mferejini wala mtoni. Yanapooza yanamaliza hewa ya maji, na mifereji yetu yote inaishia ziwani au Ruzizi. Yachanganye na majani na majivu, uyafunike miezi michache, uyarudishe chini ya miti ileile.

## Hatua ya 8: Chachusha ute utoke

Sasa una punje zinazoteleza kama samaki. Ute huo hauoshwi kwa maji peke yake, lazima uchachuke.

Weka punje ndani ya ndoo ya plastiki, bila kuongeza maji. Funika kwa kitambaa safi, usifunge kifuniko. Weka mahali pasipo na moshi wala mafuta ya taa. Andika saa kwenye daftari.

Itachukua muda gani? Inategemea baridi. Usiku wa Bukavu ni baridi, na ndoo yangu inahitaji saa 16 hadi 24. Ukiwa juu zaidi, upande wa Kabare, inaweza kufika 30. Usiige saa za mtu wa Uvira, kule joto linamaliza kazi mapema. Ukimenya saa moja jioni, anza kukagua saa moja asubuhi, kisha kila baada ya saa mbili.

Vipimo ni viwili. Chukua punje chache, zioshe, zisugue kiganjani: zikikwaruza na kulia kama changarawe za ziwani, tayari. Au choma kidole katikati ya ndoo na ukitoe: tundu likibaki wazi, tayari, likijifunga polepole, ute bado upo.

Ukipitisha saa, harufu inageuka siki, kisha kitunguu kilichooza. Usijaribu kuiokoa kwa kuichanganya na nyingine. Kwa sababu hiyohiyo usimimine punje za leo juu ya za jana: za jana zitaoza zikisubiri za leo.

## Hatua ya 9: Osha

Maji matatu au manne, ukisugua kwa nguvu, hadi maji ya mwisho yawe yanaonyesha chini ya basini. Zinazoelea sasa zitoe. Bomba likikauka, ambalo si jambo geni, tumia maji ya mvua uliyokinga batini, lakini yasiwe yale ya kwanza yaliyoosha vumbi la paa.

*Umefaulu ukiona:* ganda la punje ni jeupe lenye umanjano kidogo, likwaruzalo, na mstari wa katikati hauna ute.

## Hatua ya 10: Anika

Hatua tisa zilizopita zinaweza kufutwa hapa kwa usiku mmoja, basi soma taratibu.

Saa za kwanza ziwe kivulini. Parche mbichi ikipigwa na jua kali ghafla, ganda linapasuka wakati punje ndani bado imejaa maji. Itandaze kwenye kichanja chini ya baraza au shitingi iliyoinuliwa, kwa muda wa saa nne hadi sita. Tumia muda huo kuchambua: punje mbovu zinaonekana vizuri zikiwa bado na maji kuliko zikikauka. Toa nyeusi, zilizotobolewa, zilizokatwa, za kijani kibichi cha nyasi. Mama wa jirani yangu anakaa na dada zake hapo, wanachambua na kusengenya hadi kunakuchwa, na kahawa yao ndiyo safi kuliko ya mtaa mzima.

Halafu jua, kwa tabaka jembamba. Sentimita 2 hadi 3, usizidishe. Geuza kwa mkono kila nusu saa siku mbili za kwanza, kisha kila saa. Kati ya saa sita na saa nane mchana, jua likiwa la kuunguza, funika. Kahawa inakaushwa na upepo zaidi ya moto, na ndiyo maana kichanja kimeinuliwa: hewa ipite chini pia.

Usianike juu ya bati la paa. Najua ni mahali pekee ambapo kuku hawafiki. Bati linapata moto mno, punje zinapasuka upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Usianike chini pia, hata kama umetandika shitingi: unyevu unapanda, na harufu ya udongo haitoki tena.

Mvua. Machi na Aprili inakuja mchana, mara nyingi bila kupiga hodi. Shitingi ya kufunika iwe imefungwa tayari upande mmoja wa kichanja, ubaki kuivuta tu. Iinamishe kama paa, isiguse kahawa, pembeni hewa ipite. Parche iliyokwisha kukauka nusu ikilowa tena, hiyo ndiyo inayoota ukungu kwa haraka kuliko zote. Kama nyumbani hakuna mtu mchana, usisubiri wingu: acha imefunikwa kwa kuinuliwa. Itachelewa siku tatu, haitaoza.

Usiku iache hapohapo, imefunikwa. Usiikusanye kwenye gunia "ili isiibiwe". Kama wezi wanakusumbua, kichanja kiwe chepesi cha kubebwa na watu wawili, mkiingize sebuleni kama kilivyo. Jikoni hapana: moshi wa makala unaingia ndani ya punje na utaunywa.

Kwa hali yetu ya hewa hesabu siku 12 hadi 20. Aliyekuambia siku tano anakuuzia kahawa iliyoungua nje.

## Hatua ya 11: Pima ukavu kwa njia zaidi ya moja

Punje iliyooshwa sasa hivi ina maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Unaitaka ifike asilimia 11 au 12. Zaidi ya hapo ukungu utaota ghalani; ikishuka chini ya 10 inakuwa ngumu na harufu inakimbia. Kipimo cha umeme ni ghali, lakini kuna njia za nyumbani.

*Mizani.* Pima uzito wote siku ya kwanza baada ya maji kuchuruzika. Kilo 10 zikishuka hadi kilo 5 hivi, umekaribia. Endelea kupima kila jioni: uzito usipobadilika siku mbili mfululizo zenye jua, imekauka.

*Jino na ukucha.* Toa ganda, uma punje. Ikibonyea kama jibini, bado. Ikiacha alama ndogo tu, ni tayari. Ikivunjika vipande, umeikausha kupita kiasi. Ukucha usiingie kabisa.

*Rangi.* Ndani punje iwe ya kijani chenye ubuluu, sawasawa pande zote. Kivuli cheusi katikati maana yake maji bado yamo.

*Chumvi.* Tia chumvi kavu kijiko kimoja ndani ya chupa kavu ya kioo, ongeza punje hadi theluthi, funga, tikisa dakika kadhaa, acha robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha kichanjani. Isipoganda haimaanishi umefika 12. Hiki ni kipimo cha kukukataza, hakikuruhusu peke yake.

## Hatua ya 12: Weka, kisha onja

Iache ipoe kabla ya kufunga, maana gunia lililofungwa likiwa na joto la jua linatokwa jasho ndani. Tumia gunia la katani, juu ya mbao, shibri moja kutoka ukutani, mbali na petroli, sabuni na samaki wakavu. Iache na ganda lake hadi siku unayoihitaji. Ganda hilo ndilo koti lake. Ipumzike mwezi mmoja. Andika juu ya gunia tarehe ya kuchuma na usichanganye michumo tofauti. Kama unafikiria kuuza, mnunuzi atakuuliza swali hilo kwanza.

Baada ya mwezi, toa konzi mbili kutoka kila mfuko. Twanga ndani ya kinu kidogo kidogo, pepeta kwa ungo. Kaanga kwenye sufuria nzito, moto wa wastani, ukikoroga bila kusimama. Ikianza kupasuka kama bisi, hesabu dakika moja au mbili, kisha mimina kwenye ungo na uipepee ipoe. Toa zile zilizobaki njano, hizo ni mabichi yaliyokuponyoka kwenye Hatua ya 4. Iache hadi kesho yake.

Saga kwa vikombe, kila kikombe peke yake, vitano kwa mfano, na unuse unga kabla ya kumwaga maji. Kikombe kimoja kikinuka kiazi kibichi na vinne vikanuka vizuri, mwaga hicho kimoja tu, na uandike kwenye daftari kwamba Februari ijayo utapiga matawi mara mbili kwa wiki. Vyote vitano vikinuka gunia, rudi kichanjani ukatazame wavu upande wa chini: hapo ukungu ndipo unapoanzia.